Besi Mbele ya Bendi Kubwa: Jinsi ya Kupiga Solo Bila Kumezwa

Bendi kubwa ya jazz ina wapulizaji 13: saksafoni 5, tarumbeta 4, tromboni 4. Ubavuni mwao wamo wapiga kinanda, gitaa, drams na besi. Tarumbeta moja ikipulizwa kwa nguvu inaifunika besi ya kusimama isiyo na umeme. Zikipulizwa nne kwa pamoja, watazamaji wanaona vidole vya mpiga besi vikitembea tu, sauti hawaipati. Ndiyo maana mtu akipewa wimbo mzima apige solo ya besi mbele ya bendi hiyo, jambo la kwanza analolihangaikia ni amplifaya.

Amplifaya ina nafasi yake na tutafika huko. Lakini tatizo kubwa liko kwingine. Besi ndiyo sakafu ya bendi, na mpiga besi akipanda juu kuimba, chini panabaki wazi. Kabla hujajifunza nota hata moja ya solo, jibu swali hili: ukiondoka chini, anabaki nani?

CHINI ABAKI NANI

Kuna njia tano. Kila moja ina mahali pake, na mpangilio mzuri hutumia mbili au tatu ndani ya wimbo mmoja.

Ya kwanza ni kumwacha mpigaji drams peke yake, kwa brashi, huku hai-hati (jozi ya tasa, zile sahani za drams) ikifungwa kwa mguu kwenye pigo la pili na la nne. Hakuna kordi (nota kadhaa zinazopigwa pamoja), hakuna sauti ya chini. Ukumbi unanyamaza na masikio yote yanakuja kwako. Hii ndiyo njia yenye nguvu kuliko zote kwa mzunguko wa kwanza wa solo (mzunguko ni wimbo kupigwa mara moja, mwanzo hadi mwisho), na wapangaji wengi wa muziki huiogopa bure.

Ya pili ni gitaa lisilo na umeme, au lenye umeme kidogo sana, linalopiga kordi fupi kwenye kila pigo, manne kwa baa (baa ni kipimo cha mapigo manne). Freddie Green alifanya kazi hiyo katika bendi ya Count Basie kuanzia 1937 hadi alipofariki 1987. Kordi zake zilikaa katikati, hazikugusa chini, na mapigo hayakuyumba. Gitaa la namna hii likiwepo, huna haja ya kinanda wakati wa solo. Katika njia zote tano, hii ndiyo tunayoipendekeza kwa sehemu kubwa ya solo.

Ya tatu ni kinanda. Hapa pana mtego. Mpiga kinanda wa bendi kubwa amezoea kuuweka kimya mkono wa kushoto kwa sababu besi ipo. Akisikia besi imepanda, mkono ule unashuka wenyewe kujaza pengo, na unatua palepale unapopiga wewe. Mwambie mapema, na iandikwe kwenye karatasi yake: mikono yote miwili juu ya C ya katikati, kordi moja au mbili kwa baa, na baa nyingine aziache tupu.

Ya nne ni saksafoni ya baritoni na tromboni ya besi kushika nota za mizizi, yaani nota ya msingi ya kila kordi, ndefu na laini. Inafaa unapopiga kwa upinde juu kabisa. Ukipiga kwa vidole haifai, kwa sababu pumzi inaweza kuishikilia nota sekunde nne na uzi ulioguswa kwa kidole unaanza kufifia papo hapo.

Ya tano ni mpiga besi wa pili. Duke Ellington alikuwa na wapiga besi wawili kwa miezi michache pale Jimmy Blanton alipojiunga na bendi mwishoni mwa 1939. Ukitumia njia hii, wa pili apige nota mbili tu kwa baa na asivuke uzi wa A kwenda juu. Besi mbili zikitembea (nota moja kwa kila pigo) kwa pamoja katika sauti za chini hutoa tope: kila mmoja anasikia kitu, ukumbi hausikii nota.

UFUNGUO NA KARATASI

Wapulizaji wanapenda funguo zenye flati. Besi inapenda funguo ambazo nyuzi zake nne zilizo wazi (zisizobonyezwa), E, A, D na G, zimo ndani ya skeli, yaani ngazi ya nota za ufunguo huo, kwa sababu uzi ulio wazi unaimba kwa nguvu, unadumu, na unakupa muda wa kuhamisha mkono. Mahali pa kukutana ni F, ambako nyuzi zote nne zimo. D maina nayo ni hivyohivyo. B flati na G maina zinakupa tatu. Epuka D flati: haina hata uzi mmoja ulio wazi, na solo ya dakika mbili katika ufunguo huo ni kubana vidole mwanzo hadi mwisho.

Besi huandikwa oktava moja juu ya inavyosikika. Mpangaji akilisahau hilo, kwenye karatasi ataona solo yako imekaa juu ya tromboni vizuri kabisa, kumbe masikioni iko ndani yake. Uzi wa G ulio wazi una Hz 98, yaani mitetemo 98 kwa sekunde. Nusu ya uzi huo, mahali dole gumba linapoanza kupanda juu ya ubao, ni Hz 196. Tromboni zinaishi palepale. Basi kanuni ya vipande vya nyuma ya solo ni hii: kila mtu akae juu ya C ya katikati, yaani juu ya Hz 262, apige kwa ulaini, na wapige wachache. Filimbi mbili na klarineti moja, mikononi mwa wapiga saksafoni walewale, zinafanya kazi bora kuliko saksafoni tano. Tarumbeta ziwe na viziba sauti. Ukitaka tromboni, zipe vishindo vifupi kwenye mapengo unayoyaacha, zisishike nota ndefu chini ya sauti yako.

Melodi yenyewe, ile ya mwanzo na mwisho, unaweza kuisaidia kwa kuifuatisha na chombo kingine oktava mbili juu: tarumbeta moja yenye kiziba, au filimbi. Msikilizaji anashika ile nota ya juu, kisha sikio linamshusha hadi kwenye besi, na anaamini amesikia besi yote. Kwenye solo usiifanye hila hii. Huko uwe peke yako.

Nota nyingi za solo ziweke kati ya D iliyo wazi (Hz 73) na G ya nusu ya uzi. Panda hadi D ya juu, Hz 294, mara moja au mbili kama kilele. Chini ya uzi wa A shuka kwa makusudi tu, kumalizia sentensi au kuitingisha sakafu, kwa sababu melodi ya huko inagongana na dramu ya mguu na haitambuliki.

Mfano wa kusikiliza ni rekodi ya bendi ya Ellington ya Machi 1940, “Jack the Bear”. Besi ya Blanton inazungumza, bendi inajibu, inazungumza tena. Hawapigi kwa pamoja, wanapokezana. Wakati ule besi ilipigwa kwa nyuzi za utumbo wa mnyama, haikuwa na pikapu (kifaa cha kunasa mtetemo wa chombo na kuupeleka kwenye amplifaya), na kila nota inasikika, kwa sababu karatasi iliiachia nafasi. Blanton alifariki 1942 akiwa na miaka 23, na kila mpiga besi wa jazz aliyekuja baadaye ana deni la heshima kwake. Ongeza na “One Bass Hit” ya bendi ya Dizzy Gillespie ya 1946, Ray Brown akiwa kwenye besi. Kwa sauti ya siku hizi, sikiliza bendi kubwa ya Christian McBride, ambayo kiongozi wake ndiye mpiga besi.

RAMANI YA WIMBO

Tuchukue bluzi ya baa 12 katika F, mwendo wa mapigo 144 kwa dakika. Baa 12 ni mapigo 48, kwa hiyo kila mzunguko ni sekunde 20 kamili, na hesabu inakuwa rahisi.

Anza peke yako, bila mwendo maalumu, kwa upinde au vidole, sekunde 30 hadi 40. Kisha hesabu mwendo na bendi iingie kwa baa 8. Melodi mara mbili, sekunde 40. Halafu solo, mizunguko 5:
1. drams kwa brashi tu;
2. gitaa linaingia;
3. gitaa linaendelea, na kinanda kinatia kordi chache;
4. filimbi na klarineti zinashika nota ndefu kwa ulaini;
5. zinanyamaza zote, mnabaki wewe na drams tena, safari hii kwa fimbo.

Baada ya hapo mizunguko 2 ya kupokezana na bendi nzima, mizunguko 2 ya bendi kwa nguvu zote wewe ukiwa umerudi kutembeza besi, melodi mara moja, na mwisho. Jumla ni kama dakika 5. Ukizidisha hapo, vidole vinachoka na sauti inapungua wakati bendi inapanda.

Angalizo kuhusu kupokezana. Mkipokezana kwa baa 4, mzunguko wa baa 12 unatoa zamu tatu tu: wewe, bendi, wewe. Kwa hiyo mzunguko wa pili unaanza na bendi. Watu wengi hupotea hapo, kwa sababu mwili unadhani kila mzunguko unaanza na wewe. Ama panga mizunguko iwe miwili ili zamu zitimie tatu kwa tatu, ama mpokezane kwa baa 2, ambapo kila mzunguko una zamu sita na hakuna anayechanganyikiwa.

Idadi ya mizunguko ya solo iwekwe wazi kwenye karatasi za watu wote. Mpiga saksafoni anaweza kuiacha iwe huru, kisha akainua ngumi kuonyesha kuwa huu ni wa mwisho. Wewe mikono yako yote miwili ina kazi. Ukilazimika kuacha solo iwe huru, chagua ishara ya kimuziki, kwa mfano G ya juu ikirudiwa kwa baa 4 za mwisho, na mwongoza bendi awe ndiye anayeigeuza kuwa ishara ya mkono kwa wenzake.

CHOMBO

Urefu wa nyuzi kutoka kwenye ubao, mwishoni mwa ubao, uwe karibu milimita 5 kwa G na 8 kwa E. Anayetembeza besi bila umeme hupenda nyuzi za juu zaidi, kwani zinampa sauti nene; anayepiga solo hupenda za chini ili vidole viende upesi. Wewe utafanya vyote viwili ndani ya dakika tano, kwa hiyo usizishushe kupita kiasi. Zikishuka sana, ukivuta kwa nguvu kwenye sehemu ya bendi nzima uzi unagonga ubao na pikapu inapeleka mlio huo kwenye spika. Daraja lenye skrubu za kupandisha na kushusha linafaa sana, hasa ukiishi pwani. Unyevu wa Zanzibar, Mombasa au Dar es Salaam unavimbisha mbao na nyuzi zinapanda zenyewe. Ukiipeleka besi hiyohiyo bara wakati wa kiangazi, nyuzi zinashuka na viungo vinaweza kufunguka. Wapiga besi wa vikundi vya taarab vya Zanzibar, ambako besi ya kusimama ina kazi yake ya kila siku, wanaijua taabu hii vizuri.

Nyuzi za chuma zinadumisha sauti na zinafaa kwa solo ya vidole. Nyingine ni ngumu kwa upinde na zinatoa mkwaruzo, hivyo ukipanga sehemu ndefu ya upinde zijaribu kwanza. Usipandishe nyuzi zote kwa toni nzima kama wafanyavyo wapiga solo wa muziki wa okestra. Utapata mng'ao, lakini utaipoteza E ya chini bendi itakapoihitaji, na itabidi usome karatasi katika ufunguo mwingine.

Weka raba kwenye ncha ya mguu wa chuma. Jukwaa la mbao lililopakwa vanishi linateleza, na besi inayoteleza inakulazimisha kuishikilia kwa mkono wa kushoto, ule unaotakiwa kuwa huru kupanda na kushuka.

UMEME NA FUNDI MITAMBO

Tumia pikapu na kipaza sauti kwa pamoja. Pikapu ya kubana kwenye bawa la daraja inahitaji kipokezi chenye ukinzani mkubwa: megaomu 1 ni kiwango cha chini, megaomu 10 ni bora. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye mlango wa kawaida wa meza ya mitambo, sauti inakuwa nyembamba na ya puani, kwa sababu mlango ule unanyonya sauti za chini. Wengi wameitupa pikapu nzuri kwa kosa hili. Kisanduku kidogo cha kukuza sauti ya pikapu kinalitatua.

Kipaza sauti kiwe kidogo, kikibanwa kati ya daraja na mkia wa nyuzi, au kikifungwa kwa sponji hapohapo. Kile cha kusimama sentimita 30 mbele ya tundu la f kinatoa sauti nzuri zaidi kwenye chumba tulivu. Mbele ya tarumbeta nne ni hasara: fundi akipandisha besi, anapandisha na tarumbeta zilizoingia humo, na ukumbi unasikia bendi yote kwa sauti ya mbali, yenye mwangwi. Kwa hiyo pikapu ibebe kama asilimia 70 ya sauti kwenye sehemu za nguvu. Kwenye utangulizi wa peke yako, ambako bendi imekaa kimya, geuza: kipaza sauti kitangulie.

Mweleze fundi mitambo mambo haya kwa ufupi:

– Akate kila kitu chini ya Hz 35. Nota yako ya chini kabisa ni Hz 41, na kilicho chini ya hapo ni ngurumo ya jukwaa na miguu.
– Spika ikianza kuvuma, mara nyingi itakuwa karibu na Hz 100, pale mbao za besi zinapopenda kutetemeka. Apunguze hapo kwa mkato mwembamba, asishushe besi nzima.
– Wakati wa solo apandishe kiasi cha desibeli 4, na mizunguko ya bendi ikianza airudishe. Akisahau kurudisha, besi inayotembea itawazidi wote.
– Uwazi wa nota unakaa kati ya Hz 700 na 1,000. Ukumbi ukimeza besi, aguse hapo kwanza kabla ya kuongeza chini.

Mwandikie karatasi ya nusu ukurasa: dakika gani utangulizi, dakika gani solo, dakika gani kurudi. Fundi aliyezoea bendi za dansi atakuwa tayari kumpandishia mwimbaji na gitaa la solo. Hajazoea kumtazama mpiga besi, na hakuna sababu ya kumlaumu kama hukumwambia.

Amplifaya yako iwe nyuma yako kidogo pembeni, juu ya kiti imara, karibu na usawa wa sikio. Ikikaa chini kwenye jukwaa lenye uwazi ndani, jukwaa lote linageuka kuwa ngoma.

PA KUSIMAMA

Waandaaji wanapenda mpiga solo aje mbele katikati, kwenye mwanga. Kwa mpiga besi hilo lina gharama. Sauti husafiri mita moja kwa takriban milisekunde 3. Ukisimama mita 6 kutoka kwenye drams, tasa linakufikia likiwa limechelewa karibu milisekunde 17 au 18. Kwenye karatasi ni kidogo, lakini kwenye swingi ndiyo tofauti kati ya besi inayosukuma na besi inayoburuza. Wewe unasikia uko sawa, mpigaji drams anasikia unachelewa, anapunguza mwendo kukungoja, na bendi nzima inazama polepole bila mtu kujua kwa nini.

Kaa mita 2 au 3 kutoka kwenye hai-hati. Mahali pazuri ni kwenye mkunjo wa kinanda, kati ya drams na saksafoni, mwili ukiwa umegeuka nusu ili uone mguu wa mpigaji drams, huku uso wa besi ukitazama ukumbi. Taa inaweza kukufuata hapo. Ikilazimika kabisa uende mbele, dai monita yenye hai-hati na tasa tu, bila bendi nyingine ndani yake. Na usisimame kwenye mstari wa midomo ya tromboni.

MAZOEZI NA BENDI

Ukipewa saa mbili, usizianze na solo yako. Anza na mizunguko ya bendi yenye nguvu, kwa sababu ndiyo yenye nota nyingi za kusoma. Kisha piga viunganisho: baa 4 za mwisho za kila sehemu na baa 4 za kwanza za inayofuata. Makosa karibu yote ya onyesho hutokea humo. Solo yenyewe piga mzunguko mmoja mmoja tu, ili kila mtu ajue anaingia wapi.

Wapulizaji wakiambiwa wapige kwa ulaini hupunguza kidogo, na baada ya baa nne wanarudi walikotoka. Kupunguza idadi ya watu kunasaidia kuliko kupunguza pumzi: andika kwamba kwenye mizunguko hii wapige wale wa kwanza tu wa kila safu. Waombe pia wanaohesabu kimya wafuate ramani ya kordi kwenye karatasi zao. Mtu mwenye baa 60 za kungoja, bila kitu cha kumwongoza, atapotea, na solo ya besi ndiyo ngumu kuliko zote kuifuata kwa sikio kwa sababu mizizi ya kordi haipo.

SOLO YENYEWE

Hilo la mizizi linakuhusu na wewe. Hakuna anayepiga kordi kamili chini yako, kwa hiyo melodi yako ndiyo itakayomwambia msikilizaji tuko wapi. Tegemea nota ya tatu na ya saba za kila kordi, ukihesabu kutoka kwenye mzizi. Katika bluzi ya F, F7 ina A na E flati. Ukihamia B flati 7, A inashuka nusu toni kuwa A flati, na E flati inashuka nusu toni kuwa D. Kwenye C7 ni E na B flati. Gusa nota hizo pigo la kwanza la baa ambamo kordi inabadilika, na hata asiyejua muziki atasikia wimbo ukigeuka. Fanya zoezi hili: mizunguko 10 kwa nota hizo tu, nota moja kwa baa, bila chombo kingine, mpaka mtu aliyeko chumba cha pili aweze kuhesabu baa zako.

Ingia kwenye solo ukitokea kwenye kutembeza. Baa 2 za mwisho kabla ya solo zipandishe taratibu hadi uzi wa G, kisha acha pigo moja kimya, kisha sema. Ukikata ghafla kutoka chini kwenda juu, sakafu inaporomoka na wasikilizaji wanadhani umekosea.

Nota za haraka zina sauti ndogo kuliko nota za kutembea, kwa sababu kidole hakipati muda wa kuvuta uzi kwa uzito. Pima mapema: piga nota nane kwa baa katika mwendo wa onyesho, rekodi kwa simu ukiwa mita 5, na sikiliza. Kama nota zinapauka, tumia sentensi fupi za nota mbilimbili na tatutatu zenye mapengo, na nota za haraka ziweke mahali bendi imenyamaza kabisa. Pigia karibu na mwisho wa ubao. Ukisogea kuelekea daraja nota zinapata ncha kali lakini zinapoteza mwili, na kwenye pikapu tofauti hiyo huonekana mara mbili.

Acha nafasi. Baa moja tupu baada ya kila sentensi ya baa tatu haitamchosha mtu, na inampa mpigaji drams mahali pa kujibu. Imba kimoyomoyo unapopiga. Pumzi yako ikiisha, sentensi imekwisha.

Kwa upinde, hatari ni toni kukosea. Nota ya vidole ikiwa juu kidogo inapita, lakini ya upinde inadumu na kila mtu anaisikia, hasa filimbi zikiwa zimeshika kordi juu yake. Mpiga besi Slam Stewart alipiga kwa upinde huku akiimba melodi ileile oktava moja juu, na sauti yake ya kinywani iliisaidia besi kupenya. Kama una sauti ya kuaminika, jaribu. Upinde uning'inize kwenye mfuko uliofungwa chini ya mkia wa nyuzi, na panga angalau baa 2 za kuutoa na 2 za kuurudisha. Paka nta ya upinde kabla ya kupanda jukwaani.

Kurudi nyumbani ndiko watu wengi hukosea. Mzunguko wa nguvu wa bendi unahitaji sakafu kuanzia pigo la kwanza, kwa hiyo baa 2 za mwisho za kupokezana ziwe tayari kwenye uzi wa E au wa A, zikitembea. Mkono wa kulia utakuwa umechoka. Panga baa 4 za kwanza za mzunguko huo ziwe na nota mbili kwa baa, kisha utembee kikamilifu.

SIKU YA ONYESHO

Fika saa mbili kabla ya onyesho kuanza na uitoe besi kwenye mfuko mara moja ili izoee hewa ya ukumbi. Kwenye majaribio ya sauti, mwombe kiongozi bendi ipige mzunguko wa nguvu kwanza, kisha solo, ili fundi apate vipimo viwili.

Toni inapotea kwa pande mbili. Kadiri ukumbi unavyopata joto, vyombo vya kupuliza vinapanda, kiasi cha asilimia 3 ya nusu toni kwa kila nyuzijoto moja ya hewa iliyo ndani yake. Nyuzi zako za chuma zikipata joto la taa zinalegea na kushuka. Besi iliyolinganishwa na bendi saa moja jioni haitalingana nayo saa mbili na nusu. Weka kipimo cha toni kwenye pikapu, zima sauti kwa kitufe cha mguu, na urekebishe wakati wa makofi kabla ya wimbo wako. Kisha linganisha na saksafoni ya kwanza kwa sikio, kwa sababu bendi ikiwa imepanda yote, kipimo kinachofuata kiwango cha kawaida cha Hz 440 kitakuonyesha uko sawa ilhali uko chini yao.

Uzi ukikatika, mara nyingi ni wa G. Kubadilisha na kuusubiri utulie kunachukua dakika 10 au zaidi, kwa hiyo kiongozi awe na wimbo mwingine tayari wa kuuingiza. Usifungue nyuzi zote kwa pamoja: nguzo ndogo iliyosimama ndani ya kifua cha besi inashikiliwa na mgandamizo wa nyuzi tu, na ikianguka onyesho lako limekwisha mpaka fundi wa vyombo vya nyuzi apatikane.

Anayetumia gitaa la besi lenye umeme ana matatizo yaliyogeuka. Sauti inatosha, nota zinadumu, na mkono unaenda upesi. Shida ni kwamba linajaza kila mahali na kuwanyima wapulizaji hewa. Kwenye solo punguza kila kilicho chini ya Hz 80, ongeza kidogo kwenye Hz 800, na zima nota kwa kiganja pale inapotakiwa kuwa fupi. Lisilo na vigawanyo vya shingo, la aina ambayo mpiga besi Jaco Pastorius aliipeleka Japani na bendi yake kubwa mwaka 1982, linaimba melodi ndefu vizuri sana, na linadai sikio lilelile la upinde. Mengine yote, kuanzia ufunguo hadi nani anabaki chini, ni yaleyale.